Kupandisha programu moja kutoka monorepo bila kubeba mizigo ya wenzake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Monorepo ni ripo (hifadhi ya msimbo) moja yenye programu nyingi, na kupandisha ni kupeleka programu laivu, yaani kwenye seva inayotumiwa na wateja. Ukurasa huu umekua swali kwa swali. Kila mtu mpya akijiunga na timu huuliza alichouliza aliyemtangulia, nami nikachoka kujibu kwa WhatsApp. Mifano inatoka kwenye ripo ya kubuni yenye programu tatu: `api`; `duka`, yaani tovuti ya wateja iliyoandikwa kwa Next.js; na `ripoti`, inayotoa PDF kwa kutumia Puppeteer, pakeji inayoendesha kivinjari. Kwenye folda ya `packages` kuna pakeji mbili za pamoja, `fedha` na `hifadhidata`. Nimeegemea pnpm, chombo cha kusakinisha pakeji za JavaScript, kwa sababu ndiyo ninayoshinda nayo kutwa. Wa npm, Yarn na Python msiondoke, mmo humu pia.

`api` yangu ina mafaili arobaini tu. Mbona imeji yake ya Docker (kifurushi cha kuiwashia kwenye seva) inapita GB moja?

Kwa sababu umehama na nyumba nzima. Monorepo ni nyumba ya kupanga: kila programu ina chumba chake, ila ua na stoo ni vya wote. Ukiandika `pnpm install` au `npm ci` ukiwa kwenye mzizi wa ripo, stoo inajazwa mahitaji ya wapangaji wote: Next.js na React za `duka`, Puppeteer ya `ripoti`, pamoja na TypeScript, ESLint na zana za majaribio za kila mtu. Kisha Dockerfile yako, faili la maelekezo ya kujenga imeji, inasema `COPY . .`, na kirikuu kinaondoka na godoro la jirani.

Godoro lenyewe si dogo. Pakeji ya TypeScript peke yake inazidi MB 20. Puppeteer ikisakinishwa hupakua kivinjari chake, na hicho kinazidi MB 100, wakati `api` haifungui kivinjari hata siku moja. Ukiwa unasukuma imeji kutoka laptop inayotumia intaneti ya simu, kifurushi cha siku kinakwisha kabla ya chai ya saa nne.

Nimeweka `--prod`. Si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. `--prod` ya pnpm, au `--omit=dev` ya npm, inaacha vile ulivyoviandika chini ya `devDependencies`, yaani vifaa vya kujengea tu. Haijui chochote kuhusu programu ipi unapandisha. Kwa hiyo TypeScript itabaki nje, lakini React ya `duka` itaingia kwenye `api` bila kupingwa, maana kwa `duka` React ni kitegemezi halali cha laivu.

Unahitaji vichujio viwili kwa pamoja: kimoja cha kuondoa vifaa vya fundi, kingine cha kuondoa vitu vya majirani.

Sasa chombo kinajuaje `api` inahitaji nini?

Kinasoma `package.json` ya `api`, faili lenye orodha ya vitegemezi vyake. Basi. Hakifungui msimbo wako kuangalia umeita nini na nini. Kikikuta `"fedha": "workspace:*"`, kinakwenda kusoma `package.json` ya `fedha`, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa mnyororo. Matoleo kamili kinayachukua kwenye faili la kufuli, yaani `pnpm-lock.yaml`, `package-lock.json` au `yarn.lock`.

Ndiyo maana huwa nasema kazi hii ni ya uandishi kuliko ya amri. Orodha yako ikisema kweli, amri ni mstari mmoja. Ikisema uongo, hakuna amri itakayokuokoa.

Haya, nipe huo mstari mmoja.

Kwa pnpm:

```
pnpm install --frozen-lockfile --prod --filter "api..."
```

Kwa npm, ambayo imekuwa na workspaces (uwezo wa kushughulikia programu nyingi ndani ya ripo moja) tangu toleo la 7 la mwaka 2020:

```
npm ci --omit=dev --workspace=api
```

Kwa Yarn:

```
yarn workspaces focus api --production
```

Amri hiyo ya Yarn imo ndani ya toleo la 4 tayari. Kwenye toleo la 2 na la 3 inabidi uongeze kwanza plagini ya `workspace-tools`. Aliyebaki Yarn 1 hana amri ya namna hii. Asome jibu la `turbo prune` huko chini, au ahame.

Kwa npm kumbuka kwamba ukitaja `--workspace`, vitegemezi vilivyoandikwa kwenye `package.json` ya mzizi vinaachwa. Ukivitaka ongeza `--include-workspace-root`. Lakini kabla ya kuongeza jiulize kwa nini programu ya laivu inahitaji kitu cha mzizi.

Nukta tatu baada ya `api` ni za nini?

Ni nusu ya amri, usizifute. `api...` maana yake `api` na pakeji zote za ripo ambazo `api` inazitegemea. `...api` ni kinyume: `api` na wote wanaoitegemea `api`. Ukiandika `api` tupu unapata `api` peke yake, na `fedha` inabaki bila vitegemezi vyake.

Nimeona mtu akizihamisha nukta upande wa pili, akapata usakinishaji uliomalizika bila kosa lolote na seva isiyowaka. Alikuwa mimi.

Kwenye laptop inafanya kazi. Ikifika seva: `Cannot find module 'dayjs'`. Kulikoni?

Hili ndilo swali lenyewe, hayo mengine ni utangulizi.

Tangu npm 3, mwaka 2015, npm hupandisha pakeji nyingi kadiri inavyoweza hadi kwenye `node_modules` (folda ya pakeji zilizosakinishwa) ya juu kabisa. Node nayo, inayoendesha msimbo wa JavaScript kwenye seva, ikitafuta pakeji huanza kwenye folda ya faili linaloita, ikikosa hupanda folda ya juu, na ya juu yake, mpaka mwisho. Ukiunganisha tabia hizo mbili, `api` inaweza kuita `dayjs`, pakeji ya tarehe iliyoletwa na `duka`, na ikaipata, ingawa haikuiandika popote. Mtegemea cha ndugu hufa maskini: siku `api` inapokwenda seva peke yake, `dayjs` inabaki nyumbani na mwenyewe.

Pakeji kama hizi, zinazotumika bila kuandikwa, mimi naziita vibarua. Ni kinyume cha watumishi hewa. Mtumishi hewa yuko kwenye orodha ya mishahara na ofisini hayupo. Hawa wako kazini kila siku, wanatoka jasho, na kwenye orodha ya ajira hawapo.

Kilichotukuta sisi kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu seva iliwaka vizuri. Tulichuja vitegemezi siku ya Jumanne, imeji ikapungua, tukapongezana. Ila `dayjs` haikuwa ikiitwa juu ya faili; iliitwa ndani ya kazi moja ya kutoa taarifa za akaunti za mwisho wa mwezi. Tarehe 30, saa tano usiku, kazi ile ikaamka, ikaita pakeji isiyokuwepo, ikafa. Wateja wakaamka hawana taarifa. Tuliokuwa zamu tukajifunza kwamba seva kuwaka si ushahidi kwamba kila kitu kimo ndani.

Tiba ina sehemu tatu, na kila moja inakamata kinachoiponyoka nyingine.

Kwanza, weka kanuni ya ESLint iitwayo `import/no-extraneous-dependencies`. Inapiga kelele ukiita pakeji ambayo haimo kwenye `package.json` yako. Chombo kiitwacho Knip kinafanya hivyo kwa ripo nzima, na kinakuonyesha hata upande wa pili: ulivyoviandika na huvitumii.

Pili, tumia pnpm bila kulegeza. Kwa kawaida yake, `node_modules` ya kila programu inapewa viungo vya yale tu iliyoyaandika, kwa hiyo kibarua anakamatwa kwenye laptop kabla hajafika laivu. Kuna mpangilio wa kuirudisha tabia ya zamani, na waliouunda wameuita `shamefullyHoist`. Jina lenyewe linakuonea aibu kwa niaba yako.

Tatu, jaribu programu nje ya ripo. Narudia: nje. Ukiichuja `api` ukaiwasha ikiwa bado ndani ya folda ya ripo, Node itapanda juu, itaikuta stoo ya wote, na jaribio litapita kwa uongo. Ipeleke `/tmp` uiwashe huko, na majaribio yako yaguse hata zile kazi zinazoamka mara moja kwa mwezi.

Natumia pnpm na bado nimepata kibarua. Nilidhani hilo haliwezekani.

Fungua `package.json` ya mzizi. Bila shaka kuna mtu aliandika pakeji pale "ili wote waitumie". Kilichoandikwa kwenye mzizi kinakaa kwenye `node_modules` ya mzizi, na kanuni ile ile ya Node ya kupanda juu inawafanya wote wakione, pnpm au si pnpm.

Kwangu mzizi ni wa vifaa vya ripo tu: Turborepo (ya kujenga monorepo), Prettier (ya kupanga mwonekano wa msimbo), na chombo cha kukagua msimbo. Kitu chochote kinachoitwa na msimbo unaokwenda laivu kinaandikwa kwenye programu au pakeji inayokiita, hata kama kitaandikwa mara nne. Kuandika mara nne hakujazi diski. pnpm inatunza nakala moja ya kila toleo kwenye ghala lake na kuiunganisha popote inapohitajika. Ukichoka kulinganisha namba za matoleo mahali panne, pnpm ina kitu kinaitwa `catalog`, unaandika namba mara moja na wengine wanaelekeza huko.

`pnpm deploy` ni nini, na inazidi nini `install --filter`?

`install --filter` inasakinisha ndani ya ripo, na unabaki na viungo vinavyoelekea kila upande. Ukikopi folda ya `apps/api` peke yake kwenda kwingine, viungo vinakatika. `pnpm deploy` inakutengenezea folda mpya iliyojitosheleza: msimbo wa `api`, vitegemezi vyake, na `fedha` ikiwa imekopiwa ndani kama pakeji halisi. Ndiyo amri ya kuhama.

```
pnpm --filter api --prod deploy /toka
```

Kuanzia toleo la 10, lililotoka mwanzoni mwa 2025, amri hii inakataa kufanya kazi mpaka uandike `injectWorkspacePackages: true` kwenye `pnpm-workspace.yaml`, au uipe `--legacy`. Mimi nachagua ya kwanza, kwa sababu inatengeneza faili la kufuli la programu hiyo moja kutoka kwenye lile la wote.

Ina mtego wake lakini. Pakeji zikiingizwa kwa njia hiyo, `api` inaona nakala ya `fedha` iliyochukuliwa wakati wa kusakinisha, kabla `fedha` haijajengwa, kwa hiyo `dist` (folda ya msimbo uliokwisha kujengwa) haimo. Ongeza mistari hii kwenye faili lile lile, ili nakala isasishwe kila `build` inapomalizika:

```
injectWorkspacePackages: true
syncInjectedDepsAfterScripts:
  - build
```

Folda imetoka, lakini `dist` haimo kabisa.

`deploy` inafuata utaratibu wa kufunga pakeji. Kama `.gitignore` iliyo ndani ya folda ya programu inataja `dist`, inaachwa. Andika `"files": ["dist"]` kwenye `package.json` ya `api`, na ya `fedha`, na ya `hifadhidata`. Watu hukumbuka ya kwanza wakasahau hizo mbili.

Nionyeshe Dockerfile nzima.

```
FROM node:22-slim AS jengo
RUN corepack enable
WORKDIR /kazi
COPY package.json pnpm-lock.yaml pnpm-workspace.yaml ./
RUN pnpm fetch
COPY . .
RUN pnpm install --frozen-lockfile --offline --filter "api..."
RUN pnpm --filter "api..." run build
RUN pnpm --filter api --prod deploy /toka

FROM node:22-slim
WORKDIR /app
COPY --from=jengo /toka .
USER node
CMD ["node", "dist/index.js"]
```

Ujenzi wa hatua nyingi namna hii umo ndani ya Docker tangu toleo la 17.05 la mwaka 2017, kwa hiyo hakuna kisingizio. Hatua ya kwanza ni karakana: ina TypeScript na kila nyundo, ndiyo maana pale kwenye `install` sikuweka `--prod`. Hatua ya pili inapokea kilichokwisha kutengenezwa, na karakana yote inatupwa.

`package.json` ya mzizi inakopiwa mapema kwa sababu Corepack, chombo kinacholeta pnpm, inasoma humo ni toleo lipi la pnpm litumike, chini ya `packageManager`. Ukiisahau utapewa toleo jingine, na siku moja litagombana na faili lako la kufuli. `pnpm fetch` yenyewe inahitaji faili la kufuli tu. Inapakua kila kitu kuweka ghalani, na tabaka hilo la Docker halirudiwi mpaka faili la kufuli libadilike. Ndiyo, inapakua hata vya `duka`. Hilo ni la karakana, haliendi laivu.

Na tafadhali, `.dockerignore` yenye `**/node_modules` na `.git`. Bila hiyo `COPY . .` inamwaga `node_modules` ya laptop yako juu ya ile iliyosakinishwa kwa ajili ya Linux.

Mtu wa `duka` akiongeza pakeji yake, kwa nini `api` inajengwa upya kuanzia sifuri?

Kwa sababu faili la kufuli ni moja la ripo nzima. Likiguswa popote, Docker inaona limebadilika, na kila tabaka lililo chini yake linarudiwa.

Hapa ndipo Turborepo inapolipa:

```
turbo prune api --docker
```

Inatoa folda ya `out` yenye vipande viwili. `out/json` ina `package.json` za wahusika tu, na `out/full` ina msimbo wao. Pamoja nazo kuna faili la kufuli lililopunguzwa, lenye matoleo yanayoihusu `api` peke yake. Unakopi `out/json` na faili la kufuli, unasakinisha, kisha ndipo unakopi `out/full` na kujenga. `duka` waongeze wanachotaka. Faili la kufuli la `api` halibadiliki, na tabaka la usakinishaji linabaki lilivyo. Inafanya kazi hata kwa npm na Yarn ya zamani.

Kwa ripo yenye programu tatu siioni haja. Kwa yenye kumi na tano, CI yako (mashine inayojenga na kujaribu kila badiliko) itakushukuru.

Usakinishaji unakufa na `husky: not found`.

Husky, inayoendesha ukaguzi unapofanya commit kwenye Git, imeandikwa chini ya `devDependencies`, umeiacha nje, lakini skripti ya `prepare` bado inaiita. Ibadilishe iwe `"prepare": "husky || true"`.

Usikimbilie `--ignore-scripts` bila kufikiri. Inanyamazisha Husky, sawa, lakini inanyamazisha pia skripti ambazo pakeji nyingine zinazihitaji ili zifanye kazi, kama ile inayopakua kivinjari cha Puppeteer. pnpm 10 imechukua njia ya kati: skripti za vitegemezi haziendeshwi kabisa mpaka uzitaje kwenye `onlyBuiltDependencies`. Mwanzoni inaudhi. Baada ya wiki unajua kwa majina pakeji zako zinazoendesha kitu wakati wa kusakinishwa, na kwa kawaida ni chache kuliko ulivyodhani.

`sharp` inagoma kwenye kontena, laptop haina shida.

`sharp`, pakeji ya kuchakata picha, ina kipande tofauti kwa kila aina ya mashine, na vipande hivyo vimeandikwa kama vitegemezi vya hiari. Makosa ni matatu. Umeikopi `node_modules` kutoka Mac. Au umejenga kwenye Debian ukapeleka Alpine, ambayo inatumia musl badala ya glibc (maktaba za msingi za Linux), na kipande chake ni kingine. Au umepunguza kwa pupa ukaweka `--omit=optional`, ukaondoa kipande chenyewe. Hatua zote mbili za Dockerfile ziwe na msingi mmoja, na vya hiari viache.

Kwa nini nisifunge kila kitu kwenye faili moja kwa esbuild, nisahau `node_modules`?

Kwa programu ndogo, fanya hivyo. esbuild inafuata kile msimbo unachokiita kweli, haijali orodha, kwa hiyo inakuja na kile tu kinachoguswa. Nawaambia watu wa AWS Lambda, huduma ya kuendesha msimbo bila kutunza seva yako mwenyewe, waanze nayo, maana huko kikomo ni MB 250 baada ya kufunguliwa, na ukijaza `node_modules` ya ripo nzima hufiki mbali. Anayetumia imeji ya kontena huko Lambda ana hadi GB 10, na hiyo ni ruhusa ya kuwa mvivu kuliko ilivyo msaada.

Inapogoma ni kwenye pakeji zenye vipande vya mashine kama `sharp` na `bcrypt`, au zinazosoma mafaili yao wenyewe kutoka diski. Hizo unazitaja kama za nje, na ukishazitaja unarudi pale pale: lazima ziwemo kwenye `package.json` na zisakinishwe kwa njia ya kawaida.

Na ona ujanja wake: kwa kuwa esbuild haijali orodha, kibarua anapita bila kukamatwa. Siku utakapoacha kufunga, atajitokeza.

`duka` ina njia yake. Next.js ukiipa `output: 'standalone'` inafuatilia mafaili yanayotumika na kuyakusanya mahali pamoja. Kwenye monorepo weka na `outputFileTracingRoot` ielekee mzizi wa ripo, la sivyo `fedha` itaachwa. Kitakachowashwa kitakuwa `.next/standalone/apps/duka/server.js`, si pale ulipozoea. Folda za `public` na `.next/static` haziji zenyewe, unazikopi kwa mkono. Ukiona tovuti imefunguka bila rangi wala picha, ni hizo.

Sisi ni watu wa Python.

Poleni, hata kwenu vibarua wapo. uv, chombo cha kusakinisha pakeji za Python, ina workspaces zenye faili moja la kufuli, na amri ni hii:

```
uv sync --package api --no-dev --frozen --no-editable
```

Kwa kazi za kila siku programu zote za ripo zinashiriki mazingira mamoja ya Python, kwa hiyo `api` inaweza kuita kitu cha jirani bila uv kukuzuia. Hiyo `--no-editable` inafanya pakeji zenu za ndani zisakinishwe kama nakala, badala ya kuelekeza kwenye folda ya msimbo ambayo hatua ya pili ya Docker haitakuwa nayo.

Watu wa Go mnaweza kwenda kulala. `go build ./cmd/api` inachukua kinachoitwa tu.

Diski ni rahisi siku hizi. Kwa nini nijisumbue kwa MB mia tano?

Ukubwa ndio sababu inayoonekana, lakini si ile inayonikosesha usingizi. Kila pakeji iliyomo kwenye imeji ni mtu usiyemjua uliyempa ufunguo. Mwaka 2018 pakeji maarufu ya `event-stream` iliongezewa kitegemezi chenye msimbo wa kuiba sarafu za bitcoin kwenye pochi ya Copay. Septemba 2025 aliyekuwa akitunza `chalk` na `debug` alidanganywa kwa barua pepe ya ulaghai, na matoleo yenye sumu yakawekwa kwenye sajili ya npm. Siku kama hizo swali la kwanza kazini ni "sisi tunayo?" Kwa `api` iliyochujwa unajibu kwa orodha fupi. Kwa ambayo haijachujwa jibu ni ndiyo, halafu unaanza kutafuta kama kuna anayeitumia.

Faida nyingine ni ya kawaida tu: ripoti ya udhaifu inayotaja vitu vya `duka` ndani ya `api` inawafanya watu wazoee kupuuza ripoti.

Si bora tuvunje monorepo, kila programu iwe na ripo yake?

Mkiwa na sababu nyingine, vunjeni. Kwa sababu hii, hapana. Google walikuwa na ripo moja yenye mistari ya msimbo ipatayo bilioni mbili kufikia Januari 2015, na hawapandishi ripo nzima ili kuwasha huduma moja. Kwenye mfumo wao wa ujenzi, ambao toleo lake la wazi ndilo Bazel, kila kipande kinaandikiwa kinachokitegemea. Ni nidhamu ile ile ya `package.json`, imekazwa zaidi.

Ukivunja ripo, `fedha` itabidi uitoe kama pakeji kwenye sajili, uipe namba za matoleo, na kila badiliko la alama ya shilingi liwe maombi matatu ya kuunganisha kwenye ripo tatu. Nimeishi hivyo miezi minane. Duka lilikuwa linaonyesha senti na risiti hazionyeshi.

Nimefanya yote. Bado kuna kitu kizito na sijui kimeingiaje.

Anza na folda iliyochujwa: `du -sh node_modules/.pnpm/* | sort -h | tail`. Jina likikushangaza, rudi kwenye ripo uulize `pnpm --filter api why jina-la-pakeji`, au `npm explain` kwa wa npm, nayo itakuonyesha mnyororo mzima hadi aliyeileta. Mara nyingi aliyeileta ni pakeji ya pamoja. Mtu aliongeza kazi ya kutoa PDF ndani ya `fedha`, na tangu hapo kila anayehitaji kuandika "TSh 12,500" anabeba Puppeteer. Hapo hakuna kichujio kitakachosaidia, maana orodha inasema kweli. Itoe kazi ile uipe pakeji yake.

Kama `du` haioni kitu na imeji bado ni nzito, endesha `docker history` uone tabaka lipi limenenepa. Puppeteer tangu toleo la 19 haiweki kivinjari ndani ya `node_modules`. Inakiweka `.cache/puppeteer` kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, na ndani ya Docker hiyo kwa kawaida ni `/root`. Asiyehitaji kivinjari aweke `PUPPETEER_SKIP_DOWNLOAD=true`, au atumie `puppeteer-core`, ambayo haipakui chochote.